Nani Anasoma Ratiba Yetu?

Ijumaa ile steshenari ya Mwanga, mjini Kigoma, ilifurika wanafunzi mpaka barazani. Mashine ya kuchapa ilinguruma bila kupumzika, feni ilizunguka kwa uvivu, na kila mtu alikuwa na kazi ya chuo ya kukabidhi kabla ofisi hazijafungwa. Concilie Niyibizi, akiwa na gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, alisukumana mpaka akafika mbele na kumpa mhudumu flashi yake. Mhudumu akaichomeka, akakodolea macho kioo, kisha akatikisa kichwa.

"Dada, virusi vimekula kila kitu. Humu hamna kitu."

"Hamna kitu vipi? Kazi yangu yote ya kemia imo humo!"

Watu nyuma yake wakaanza kulalamika. Concilie akasogea pembeni, machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo kijana mmoja mrefu, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, alipomsogelea.

"Samahani, hiyo kazi uliiandikia wapi?"

"Kwenye kituo cha kompyuta cha chuo, hapo juu."

"Basi bado haijafa. Twende kabla mtu hajaizima."

Walikwenda mbio, Concilie akiwa ameshika viatu mkononi. Kijana akaketi mbele ya kompyuta, vidole vikacheza kidogo, na kazi ya kemia ikajitokeza, imepungua ukurasa wa mwisho tu. Concilie alimtazama kama mtu aliyerudishiwa roho yake.

"Urakoze cane," alisema kwa Kirundi bila kujua, kisha akajirekebisha. "Asante sana, kaka."

"Nimekuelewa. Mimi ni Muha wa Kalinzi, lugha zetu zimepakana," alicheka. "Naitwa Feliksi. Na wewe, masomo ya mwaka mzima unayabeba kwenye kidude hiki kama karanga mfukoni?"

"Wewe unayabeba wapi, kichwani?"

"Mtandaoni. Hata simu yangu ikizama ziwani leo, kazi zangu zote nitazikuta."

"Haya, mwalimu. Nifundishe."

Alisema kwa utani, lakini Feliksi hakulichukulia neno hilo kama utani. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta, na kila Jumamosi aliwafundisha wanafunzi wenzake jinsi ya kutumia simu na kompyuta kupanga masomo badala ya kupoteza siku kwenye video za vichekesho. Alimfundisha Concilie kuhifadhi kazi mtandaoni, kuzima kelele za simu wakati wa kusoma, kuweka kengele ya kupumzika. Zaidi ya yote alimtengenezea ratiba: jedwali moja mtandaoni ambalo wote wawili waliweza kulifungua kwa wakati mmoja. Juu ya ukurasa kulikuwa na viduara vidogo, kila kimoja na herufi ya kwanza ya jina, vya kuonyesha nani yumo ndani. Cha Feliksi kilikuwa cha bluu, cha Concilie cha kijani.

"Andika kila kitu," alimwambia. "Usichokiandika ndicho kitakachokuibia muda."

Naye akaandika kila kitu: vipindi, majaribio, zamu ya kumsaidia Shangazi Leonia kuuza vitenge Gungu, misa ya Jumapili. Na baada ya misa akaandika: *Bangwe, kwa kaka*.

Mapenzi yao yalikulia humo humo, hata Pastory, mwanafunzi wa Feliksi wa Jumamosi, akaanza kumwita Concilie "shemeji". Concilie akiwa anasoma, kiduara cha bluu kilikuwa kikitokea, na pembeni ya jedwali yalitokea maneno: *Umekunywa maji, mukunzi?*, yaani mpenzi, kwa Kirundi. Naye alijibu: *Niache nisome, msumbufu wewe.* Kisha, baada ya muda kidogo: *Usiende.*

Kwa Concilie haikuwa jambo dogo kumwachia mtu aingie maishani mwake hivyo. Alikuwa chuoni Bujumbura maandamano ya kumpinga rais yalipoanza. Kaka yake Bucumi aliandamana, akatafutwa, na nyumba yao ikachomwa. Walitembea mpaka Kagunga, wakapandishwa meli mpaka Kigoma, wakalala uwanja wa mpira pamoja na maelfu ya wenzao kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Concilie alipata kibali cha kusoma na kuishi kwa Shangazi Leonia, aliyekimbia vita vya zamani akiwa binti mdogo na sasa alikuwa raia. Bucumi hakukaa kambini. Alisema kule kuna macho ya waliomtafuta. Akajificha Bangwe, kando ya ziwa, akitengeneza mashine za boti chini ya jina la mtu mwingine. Feliksi ndiye mtu pekee mjini, nje ya familia, aliyeambiwa.

Jioni moja Concilie alipofungua ratiba aliona viduara vitatu. Cha kijani. Cha bluu. Na kimoja cha kijivu, kisicho na herufi yoyote.

Akampigia Feliksi.

"Mpenzi, umefungua ratiba kwa simu mbili?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Kuna mtu wa tatu humu."

 Concilie alisikia mbwa akibweka huko alikokuwa Feliksi.

"Labda ni mtandao unasumbua," Feliksi alisema hatimaye. "Funga, ufungue tena."

Alifunga, akafungua. Kijivu kilikuwa bado pale, kimesimama palepale alipoandika *Bangwe*. Hakikuandika kitu. Hakikufuta kitu. Kilikaa tu, kama mtu aliyeegemea dirisha la nje akichungulia ndani, kisha kikatoweka.

Wiki hiyo kiliingia mara nyingi. Concilie aliacha kula vizuri. Njiani alianza kugeuka nyuma. Kwenye bodaboda alimwambia dereva apite njia ya mbali. Jumapili alipofika Bangwe alimkuta Bucumi ameketi nyuma ya banda la mafundi, uso umempauka.

"Usikae," kaka yake alimwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. "Asubuhi wamekuja watu wawili. Wamevaa vizuri, wanaongea kama watu wa kwetu. Wamemuuliza fundi mkuu kama kuna kijana ambaye dada yake huja kumwona kila Jumapili baada ya misa."

Concilie alimsogelea.

"Wamesema hivyo? Baada ya misa?"

"Hivyo hivyo. Umemwambia nani, Concilie?"

Aligeuka akaondoka mbio. Alijua jina moja tu.

Alimkuta Feliksi kwenye kituo cha kompyuta, akifuta ubao wa kipindi cha jana. Alivaa shati la bluu alilolipenda Concilie, na alipomwona alitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nani mwingine ana ratiba yetu?"

"Mpenzi, kaa kwanza..."

"Sikai! Watu wamefika Bangwe, Feliksi. Wanajua siku, wanajua saa. Ninaandika mahali pamoja tu duniani, ulipopatengeneza wewe. Nani mwingine anayo?"

Feliksi aliweka dasta chini. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la chaki.

"Niliwatumia wanafunzi linki," alisema. "Kwenye grupu la darasa. Mwezi uliopita. Nilitaka waone ratiba nzuri inavyokuwa. Nilijivunia jinsi unavyojipanga. Sikufikiria ile ya Bangwe. Haki ya Mungu sikufikiria."

"Na nilipokuambia kuna mtu wa tatu?"

"Nilijua huenda ni mmoja wao. Niliona aibu. Nikasema nitaifunga kimyakimya, halafu..."

"Halafu ukaniambia ni mtandao."

Feliksi aliinama, akapangusa chaki mikononi.

"Mlango wangu uliufungua wewe," Concilie alisema. "Mimi nilikupa kaka yangu ukamtundika ubaoni kama mfano. Usinipigie. Na hiyo ratiba usiiguse."

Alirudi Gungu akitembea kwa miguu, hakuiona njia. Simu iliita, ikaita, akaizima. Shangazi Leonia alimpokea mlangoni, akasikiliza yote mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Kulia utalia baadaye," alisema. "Kwanza kaka yako atoke Bangwe. Una mtu mwenye njia ya kumtoa?"

Concilie aliketi kizingitini. Alimfikiria kila mtu aliyemfahamu katika mji ule. Kisha, kwa hasira ya mtu asiye na pa kwenda, aliiwasha simu.

Feliksi alipokea kabla haijaita vizuri.

"Sijakusamehe," Concilie alitangulia.

"Najua. Nisikilize. Ukiifunga ratiba watajua tumewashtukia, watakwenda Bangwe leo hii. Iache wazi. Andika kwamba kesho asubuhi kaka yako anapanda treni, na wewe unamsindikiza stesheni. Wakiwa stesheni, mimi nitamtuma binamu yangu Martini na pikipiki Bangwe. Mwambie kaka yako amsubiri; anampandisha Kalinzi kwa baba yangu. Kule kwenye mashamba ya kahawa hawezi kupatikana na mtu asiyezaliwa kule."

"Na wakienda Bangwe?"

"Basi nitakuwa nimekuharibia mara mbili, na sitakuwa na uso wa kukutazama tena."

Concilie aliifungua ratiba.  Aliandika: *Stesheni, asubuhi. Kumsindikiza kaka.* Alisubiri. Kiduara cha kijivu kikaja, kikakaa juu ya maneno yale kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kikaondoka.

Asubuhi iliyofuata stesheni ilijaa abiria, mizigo, ndoo za mawese na vikapu vya dagaa wakavu. Concilie na Feliksi walikaa ndani ya duka la chai ng'ambo ya barabara, nyuma ya pazia la shanga. Concilie alikuwa amejifunga khanga ya shangazi mpaka machoni.  Bega la Feliksi lilikuwa karibu na lake, naye hakulisogelea wala hakulikimbia.

Gari jeupe lenye vioo vyeusi likasimama. Wakashuka wanaume wawili waliovaa vizuri, wakaanza kutazama nyuso za abiria, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mtu wa tatu, kuwaonyesha.

Alikuwa Pastory.

Pastory wa darasa lao la Jumamosi. Pastory aliyekuwa akimwita Concilie "shemeji" kila walipokutana, aliyewahi kumletea maelezo ya somo alipougua malaria, akakaa kibarazani kwa shangazi akinywa chai na kuuliza habari za nyumbani Burundi kwa huruma. Alisimama pale amevaa fulana ya chuo, akizungusha macho kwenye umati, akimtafuta yeye.

Concilie aliziba mdomo kwa khanga. Feliksi alimshika mkono. Safari hii aliuacha ushikwe.

"Alikuwa mwanafunzi wangu," Feliksi alinong'ona. "Nilimfundisha mimi."

Simu ya Feliksi ikatikisika. Ujumbe wa Martini ulikuwa neno moja: *Tumepanda.*

Wanaume wale walikaa mpaka treni ikaondoka. Kabla ya kupanda gari, Pastory alitoa simu, akaiangalia, kisha akanyanyua kichwa taratibu na kutazama maduka ya ng'ambo, moja baada ya jingine. Macho yake yalipita kwenye pazia la shanga. Yakasimama. Yakaendelea.

Siku hiyo hiyo Concilie na Shangazi Leonia walikwenda polisi na kwa maofisa wa wakimbizi. Taarifa ikaandikwa, namba ya gari ikatafutwa, ikaonekana si ya gari lile. Pastory hakurudi chuoni. Chumba chake alichopanga Gungu kilikutwa kitupu, kimefagiliwa. Hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa.

Bucumi alikaa Kalinzi kwa Mzee Gervasi, baba yake Feliksi, akichuma kahawa mchana na kulala ghalani, mpaka maofisa walipomfuata na kumpitisha Buhigwe kwenda sehemu iliyolindwa ya kambi. Wakamwandikia safari ya nchi ya mbali. Concilie naye alishauriwa aondoke mjini, akarudi kambini. Masomo aliyaendeleza kwa simu, chini ya hema, na kazi zake hakumwonyesha mtu yeyote tena.

Feliksi hakupiga simu. Alikuwa ameambiwa asipige. Alituma ujumbe mmoja tu: *Siku utakayotaka kunitukana, niko.* Concilie aliusoma mara nyingi sana. Siku moja ya mvua alimpigia, akamtukana kwa Kirundi mpaka akachoka, na Feliksi akasikiliza neno kwa neno. Alipomaliza, Concilie akauliza, "Umekula?" Feliksi akasema hajala tangu asubuhi. Concilie akaanza kulia, kisha akacheka katikati ya kilio.

Kiangazi kilipoanza, Mzee Gervasi alifika kambini kuleta posa, amevaa koti la sikukuu, na Feliksi nyuma yake, shati jeupe limenyooka. Bucumi aliwapokea kama mkubwa wa familia.

"Shikamoo, Mzee. Ulinificha bila kuniuliza jina," alisema. "Kwako sina neno. Kwa kijana wako ninalo." Akamgeukia Feliksi. "Mimi naondoka. Dada yangu angeweza kuja nami, jina lake limo kwenye karatasi za safari. Ukimbakiza hapa, unambakiza karibu na watu wale. Umelifikiria hilo?"

"Kila siku, shemeji."

"Na kama watarudi?"

"Watanikuta mlangoni. Sina jibu jingine, na sitaki kukudanganya."

Bucumi akamtazama dada yake. Concilie alikuwa amevaa lile gauni la kijani, limepauka sasa kwa jua la kambini.

"Unaogopa?" kaka yake alimuuliza.

"Ego, naogopa," alijibu. "Na huko ughaibuni pia nitaogopa. Afadhali niogope nikiwa kwake."

Feliksi aliinamisha kichwa, akajifuta uso kwa kiganja.

Walifunga ndoa parokiani Kalinzi baada ya Bucumi kusafiri. Kibali cha kutoka kambini kilipopatikana, Feliksi alikwenda kumchukua mkewe, akamwekea kiti cha dirishani katika basi la kutoka Kasulu kwenda Kigoma. Shangazi Leonia aliketi mbele, sanduku la vyombo mapajani, akiimba kwa sauti ndogo. Concilie alimwegemea mumewe begani, akamwambia amechoka, akamwambia anampenda. Lakini hakufumba macho. Kila abiria aliyepanda alimwangalia usoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka kondakta alipofunga mlango.