Saa Tisa Hewani

Jioni hiyo mshonaji alikwenda uwanja wa ndege kuchukua robota la vitambaa. Alipita ukumbi wa wanaowasili macho chini, maana ubao wa safari ulimchoma. Ndege kutoka nchi ya kwao ndiyo kwanza imetua. Mwendo wa saa tisa hewani.

Saa tisa tu! Na mama yake alipompigia simu kutoka kitandani, mwezi baada ya mwezi, jibu lilikuwa moja: "Mama, huku ni mwisho wa dunia. Siku tatu hewani." Nauli alikuwa nayo. Alichokosa ni moyo wa kuuguza. Mama, ambaye hakuwahi kupanda ndege, aliamini. "Basi usijitese, mwanangu."

Abiria walitoka, wakapungua, wakaisha. Mlango ukajifunga.

Ukafunguka tena.

Kwanza ilikuja harufu... dawa ya kuchua, jasho la homa, shuka lililolaliwa siku nyingi. Kisha nyayo tupu sakafuni. Pa... pa... Mlinzi akapiga miayo, akampisha bibi kizee aliyejifunga shuka.

"Mama?" alinong'ona mshonaji.

"Kumbe si mbali," mama akasema, wala hakuwa na hasira. "Nimefumba macho tu, nikafika."

Angefokewa, angevumilia. Upole ule ndio uliomshinda. Akatimua mbio, robota akaliacha hukohuko. Simu ikamlilia nje. Kaka yake.

"Mama katutoka, sasa hivi," kaka alisema huku analia. "Alikuwa ananiuliza njia ya kwako. Nikamwambia, tulia mama, ni saa tisa tu kwa ndege. Akanitazama weee... Akafumba macho."

Mshonaji hakurudi hata nyumbani kwake. Alipanda ndege iliyofuata.

Mazikoni alilia mpaka sauti ikakauka. "Huyu ana uchungu na mamaye," watu walisifu. "Kaja mbio kutoka huko kote!" Kila sifa ilimwingia kama mwiba. Shangazi, aliyeosha maiti, akamvuta pembeni.

"Mama yako alikuwa hajakanyaga chini tangu mwaka jana, sivyo?"

"Ndivyo, shangazi."

"Mbona nyayo zake zilikuwa nyeusi kwa vumbi? Nimesugua, nimesugua..."

"Ni nini, shangazi?"

"Mimi kazi yangu kuosha," shangazi akasema, akaondoka upesi.

Kaburi lilikuwa bado linafukiwa simu ilipoita. Ni jirani yake, wa kule anakoishi.

"Wewe, mbona hukuniambia una mgeni? Nimegonga kwako, kanifungulia mama yako. Maskini, miguu imemvimba. Anasema kurudi hawezi tena. Unakuja lini?"

Mshonaji aligeukia kaburi. Machepe yaliendelea kushusha udongo.

Nyuma ya jirani, mtu akakohoa. Kisha sauti nyembamba, pole...

"Mwache amalize kuzika. Nitamngoja."