Mzigo wa Mzee Barasa

Kila asubuhi Nanjala hupita kando ya foleni ya malori yanayongojea kuvuka kwenda Uganda, begi mgongoni, mdomo haupumziki. Mtoto huyu alipenda sifa, jamani! Ijumaa moja, mwalimu wa historia, Bwana Ekwaro, aliuliza ni nani ambaye jamaa yake alikwenda Vita Kuu ya Kwanza. Nanjala aliruka juu kabla ya kufikiri.

"Babu yake nyanya yangu, mwalimu. Mzee Barasa. Alikuwa askari, alishika bunduki akawafukuza Wajerumani."

Ukweli ni kwamba alijua tu mzee alikwenda vitani. Habari ya bunduki aliitunga mwenyewe. Darasa likapiga makofi, na mwalimu akamchagua kuhutubia shule nzima Jumatatu.

Jumapili alifanya mazoezi ya hotuba uani. Nyanya yake, ambaye nyumbani wanamwita Kukhu, alimsikiliza huku akipepeta mahindi.

"Nani alikuambia babu yangu alikuwa na bunduki?" Kukhu akauliza. "Alikuwa mpagazi. Kikosi chao cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Kariakoo. Alibeba mizigo ya jeshi kichwani."

Uso ulimwaka Nanjala kwa aibu. Mbeba mizigo tu! Wenzake si watamcheka? "Kukhu, tafadhali usimwambie mtu," akanong'ona.

Kukhu alisokota kanga ikawa ngata, akamwekea kichwani, kisha akamtwika debe la mahindi. "Nenda mpaka barabarani urudi. Usipumzike."

Nanjala akajikaza. Kabla hajafika langoni shingo ilitetemeka na magoti yakalegea, akaomba atuliwe debe.

"Wao walibeba mzigo mzito kuliko huo," Kukhu akasema, "kutwa nzima, porini na matopeni. Keti nikuambie."

Akamweleza, kama babu yake alivyomsimulia, walivyopangwa kwa vikundi, kila kikundi na nyapara wake, kila mtu na kibati cha namba shingoni. Hawa walibeba unga, wale risasi. Mzinga ulifunguliwa vipande vipande wakagawana. Wengine walibeba majeruhi kwa machela. Bila wao askari hali wala hapigi risasi. Na unga wenyewe walikula nusu mbichi, maana kuni zimelowa na safari haingoji, na kuhara kukawaua wengi kuliko risasi.

"Rafiki wa babu, Wabwire, alifia njiani. Nyapara akagawa mzigo wake wa unga. Babu akaomba fungu kubwa, kwa sababu mbele kulikuwa na watu wenye njaa."

Nanjala akasogea karibu. "Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Uliwahi kuniuliza?"

Jumatatu alisimama mbele ya shule. "Ijumaa nilidanganya," akasema. "Mzee Barasa hakuwa askari. Alikuwa mpagazi."

"Kumbe hamali!" mvulana mmoja akasema, na kicheko kikazuka. Nanjala alitamani ardhi ipasuke. Lakini akaendelea: vibati, mzinga, unga mbichi. Alipofika kwa Wabwire, hata kikohozi hakikusikika.

Bwana Ekwaro akasimama.

"Njia ya mwongo ni fupi, watoto, lakini kuna ubaya mwingine," akasema. "Ukimpamba mtu kwa uongo, unamnyang'anya kile alichofanya kweli. Nanjala amemrudishia Mzee Barasa jasho lake."

Akaendelea kwa sauti ya chini. "Babu yake baba yangu alichukuliwa Kariakoo kutoka kijijini kwetu Adungosi. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia jinsi alivyoishi huko. Asante, mwanangu."