Jogoo wa Mtani

Mgeni aliingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa mzee mrefu, kanzu imejaa vumbi la safari, begi dogo begani. Watu waliokuja kuanua matanga ya Anton, mstaafu wa reli, walikuwa wanakunywa uji. Mgeni hakumwamkia mtu. Alimnyakua jogoo mwekundu aliyefungwa karibu na jiko, akamkumbatia, akapaza sauti:

"Wanyamwezi, nimeiba! Yuko wapi yule kibarua wangu? Nasikia amekufa makusudi, ili mimi nipande treni mpaka huku porini!"

Wanawake waliangua kicheko. Mwanne, mjane wa Anton, alikuwa hajacheka tangu siku ya mazishi. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika.

"Omari Mzaramo," alisema. "Umechelewa. Tumeshamzika."

"Mlifanya haraka, mkiogopa ataamka aombe ugali!"

Kabla uji haujapoa, kilio kilisikika kutoka ndani ya nyumba. Julieth, mjukuu wa marehemu, alitoka mbio mikono mitupu. Kinasa sauti chake hakikuwepo mezani.

Inspekta Mwanahawa wa upelelezi alifika kijijini Kigwa kutoka Tabora mjini akiwa na Koplo Marko. Renatus, mtoto mkubwa wa Anton na baba yake Julieth, aliwapokea barabarani. Alikuwa katekista, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola.

"Nani alitoa taarifa?"

"Mimi, Inspekta. Mtuhumiwa tumemfungia stoo. Alikiri wizi mbele ya watu wote."

"Alikiri kuiba kinasa sauti?"

"Jogoo. Lakini mtu wa kuiba jogoo..."

"Na huyo jogoo yuko wapi?"

"Anaye humo stoo. Amekataa kumwachia."

Koplo Marko alikohoa ili asicheke.

Julieth aliketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa amemaliza chuo mwaka huo. Mle ndani ya kinasa sauti, alieleza, mlikuwa na babu yake akiimba nyimbo za wapagazi, alizorithi kwa wazee waliobeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mlikuwa pia na mazungumzo yake na Omari, kila Omari alipokuja kumtembelea.

"Nakala?"

"Hakuna. Kompyuta yangu iliungua. Nilitaka kuandika kitabu, afande. Bila sauti yake nitaandika ninavyokumbuka mimi, na mimi sikumbuki alipokuwa anavuta pumzi."

Inspekta aliandika maneno hayo ya mwisho. Kisha akaenda stoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaniamkia au unanikamata?"

"Vyote viwili. Umechukua nini katika nyumba hii?"

"Huyu hapa." Jogoo alitoa kichwa kwapani. "Ningechukua na mjane, ila anapika vibaya."

"Kinasa sauti je?"

Uso wa Omari ulibadilika. "Chenye sauti ya Anton? Hapana, binti yangu. Sisi watani tunaiba kama mwadhini anavyoadhini. Mtaa mzima usikie. Nikichukua kitu kimyakimya, huo utani uko wapi?"

"Mbona una haraka? Unachungulia jua mlangoni kila mara."

"Treni yangu inapita alasiri, na nyingine ni mpaka wiki ijayo. Safari ya basi siiwezi, mgongo wangu umebaki kwenye reli. Lakini nina ahadi. Mimi na Anton tulifanya kazi pamoja tangu ujana. Tuliapizana: atakayetangulia, mwenzake amtukane kaburini. Lisiingie hata neno moja la huruma. Sasa mtoto wake amenifungia na mahindi!"

Nje, Koplo Marko alinong'ona, "Afande, mimi kwetu Mara mtu akisema 'nimeiba', tunamfunga pingu."

"Na mimi nyumbani kwetu hapa," alijibu Inspekta, "inategemea anamwambia nani, na wangapi wanacheka."

Alimkuta Mwanne jikoni.

"Shikamoo, mama. Omari amewahi kuchukua kitu hapa?"

"Marahaba. Mara nyingi! Harusi ya Renatus alikimbia na sufuria ya nyama. Wageni wakakaa na wali mkavu."

"Mkafanyaje?"

"Tukaikomboa nyama yetu! Mtani akichukua, unamfuata na kuku au chochote, unamtukana, anakutukana, anarudisha. Ndivyo tulivyolelewa."

"Na leo, nani alikwenda kumkomboa jogoo?"

Mwanne aliacha kukoroga. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Hakuna aliyekwenda," alisema taratibu. "Renatus alisema ameshapiga simu polisi."

Inspekta alimwita Renatus chumba cha mbele. Julieth aliketi pembeni. Koplo alisimama mlangoni.

"Wewe ni Mnyamwezi, katekista?"

"Ndiyo."

"Mtani akichukua kitu cha nyumba yako, desturi inasemaje?"

"Kinakombolewa."

"Kwa nini hukumpelekea hata kifaranga? Ulipiga simu kwanza."

"Nilikuwa na hasira."

"Mtu mwenye hasira hujaribu kurudisha mali yake. Wewe hukumuuliza Omari hata mara moja. Hukumuuliza kwa sababu ulijua kinasa sauti hana."

Renatus alifungua kifungo cha kola.

"Kiko wapi?" aliuliza Inspekta kwa upole.

"Kwenye mzinga wa nyuki," alisema Renatus. "Ule mtupu, nyuma ya nyumba."

Koplo Marko alikwenda, akarudi na kinasa sauti kimefungwa katika leso, kinanukia nta.

"Baba!" Julieth alisimama. "Kwa nini?"

Sauti ya Renatus ilikuwa ndogo. "Nilikisikiliza jana. Babu yako anamwambia mtu, 'Omari, nitakuzika kwenye gunia la karanga, sanda nitaishona suruali.' Hayo ndiyo unataka kuyapiga chapa? Atakayesoma huko Dar hatamjua. Atasema Anton wa Kigwa alikuwa mzee wa matusi. Na leo Padri anakuja, na huyu Mzaramo amekuja kutukana kaburini. Nikaona, nikimwita mwizi, yote mawili yataisha."

"Ulikifuta?"

"Nilitaka. Nikaweka kidole. Kisha baba akacheka." Machozi yalimtoka Renatus. "Anamtukana mwenzake, halafu anacheka mpaka anakohoa. Nikashindwa."

Julieth alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Una haki kuogopa, baba. Nikiandika yale maneno peke yake, nitakuwa nimemsingizia babu. Nitaandika na kicheko. Nitaandika na nani alikuwa amekaa naye, na kwamba walikuwa wanagawana kiazi kimoja. Utanisaidia? Wewe uliwaona wakiwa vijana, mimi niliwakuta wazee."

Renatus aliitikia kwa kichwa.

"Mimi sina mashtaka, afande," alisema Julieth.

"Basi kesi hii nairudisha kwa wenyewe," alisema Inspekta. "Katekista, kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na safari nyingine sitacheka. Kwa leo, mkomboe mtani wako."

Renatus alifungua stoo, mkononi ana tetea mweupe.

"Mzee Omari, nisamehe."

"Nisamehe ndiyo tusi gani hilo? Nitukane vizuri!"

Renatus alinyoosha kidole mlangoni. "Toka humo, Mzaramo. Panya wamelalamika."

Ua mzima ulilipuka kwa vicheko. Omari alimpokea tetea na kumrudisha jogoo, naye akacheka kuliko wote.

Inspekta alitazama saa. "Mzee, panda gari nikuwahishe stesheni. Kaburini ni upande mwingine. Hatuwezi kufika kote kuwili."

Omari alishika mgongo wake. Alitazama upande wa reli.

"Nipeleke kaburini," alisema.

Walisimama wote kuzunguka udongo mpya, Padri naye akiwa ameshafika. Omari aliweka tetea chini ya kwapa.

"Anton," alianza. "Mtu wa kubeba mizigo! Babu yako alifika Bagamoyo, akaonja bahari, akauliza nani amemwaga chumvi. Na wewe umelala tu hapo, kazi inakungoja, mvivu wee..."

Sauti ilikatika. Midomo yake ilitafuta neno, na kila mtu aliliona neno lile likija, neno la huruma.

Mbali, honi ya treni ililia ikiingia Kigwa. Omari hakugeuka. Alivuta pumzi mpaka honi ikanyamaza.

"Na tena," alipaza sauti, "ulikuwa unakoroma!"