Ndoto Aliyoitunga Lamisi

Dada yangu Lamisi alikwenda kujitolea misheni mwanzo wa kiangazi, ndoo ya nguo kichwani, mwepesi kama anayekwenda harusini. Misheni hiyo iko kaskazini mwa Ghana, mbele kabisa ya mji wa Tamale, na inawatunza bibi waliofukuzwa vijijini mwao kwa kutuhumiwa uchawi. Wanaishi kwenye vibanda vya udongo nyuma ya kanisa. Mchungaji alimpa Lamisi kibanda katikati yao, akamwambia kazi yake ni kuteka maji, kuokota kuni na kupiga nao soga, maana soga ndiyo wanayoikosa zaidi.

Huko alijitambulisha kwa jina la ubatizo, Rebeka. Sisi nyumbani tuliona ni ucha Mungu tu, kumbe alikuwa anajificha.

Alizoea haraka. Alijua nani hali bamia na nani anakoroma wakati wa mahubiri. Mma Lariba, yaani Mama Lariba, ambaye ndiye kama kiranja wa wenzake, alimtania mbele ya wote. "Rebeka, ugali wako una mabonge. Sisi tunaitwa wachawi, lakini anayeua watu mchana kweupe ni wewe." Bibi walicheka mpaka wakashikana mabega. Lamisi alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya kanisa kulia.

Alilia kwa sababu kati ya bibi wale alikuwemo Mma Samata, na aliyemfikisha pale Mma Samata ni yeye Lamisi.

Mma Samata alikuwa mjane wa baba yetu mkubwa, tukiishi naye ua mmoja. Asubuhi moja, utotoni, Lamisi alichelewa kuamka na baba akachukua fimbo. Ili kuikwepa, Lamisi akasema anaumwa. Akasema ameota Mma Samata kamjia na kibuyu, kamwambia kunywa, na ndani ya maji mna unywele mweupe. Hakuwa ameota chochote. Aliitunga palepale, macho yakiwa kwenye fimbo, na baba akaishusha.

Yangeishia hapo. Lakini wiki ileile mdogo wetu wa mwisho, bado ananyonya, alikufa kwa homa, na kwetu ndoto ya mtoto ni ushahidi. Wakachinja kuku mbele ya chifu. Kuku akafa kifudifudi, maana yake mwanamke ana hatia. Mma Samata hakuelezwa hata ndoto yenyewe. Aliambiwa tu kwamba Lamisi amemwota. Aliondoka bila mzigo, watoto wakimrushia mawe. Lamisi angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema.

Sasa alimkuta kipofu. Akawa anamwogesha, anampaka mafuta ya shea miguuni, anampoozea uji. Kila asubuhi alijiapiza kuwa leo atasema. Kila alipofungua mdomo, kikongwe alitulia, akageuza sikio, akangoja. Na kila mara Lamisi aliishia kumuuliza kama uji umepoa. Dhamiri ilimsuta, na bado hakusema.

Mma Samata alifia mapajani mwake, asubuhi, kabla ya kengele ya sala.

Baada ya mazishi, bibi walianza kumkwepa Lamisi. Akifika kisimani, soga inakatika. Akigawa maji, wanafunika vikombe kwa viganja. Mwishowe Mma Lariba alimvuta nyuma ya ghala la karanga, jua likiwa utosini.

"Usikasirike, mwanangu," alinong'ona. "Tunakuota."

"Mnaniota vipi?"

"Unakuja na kibuyu. Unasema, kunywa."

Lamisi alikaa chini kwenye vumbi. Akauliza ndani ya kibuyu mna nini.

Mma Lariba alijifuta midomo. "Maji, na unywele. Tukiamka, midomo imelowa."

Hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia ndoto ile. Na bibi wale, ambao wote walifukuzwa kwa kuotwa, walikuwa wameapa kutomwambia mchungaji, wasije wakamtenda mwenzao walivyotendwa. Waliona heri wasilale.

Mmoja wao alishinda ameegemea ukuta, macho mekundu. Mchana Lamisi alikaa mbele yake akimenya karanga. Bibi akasinzia. Kichwa kikainuka taratibu. Midomo ikafunguka. Koo likacheza. Alikuwa anakunywa. Lamisi aliona maji yakimtiririka kidevuni, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imejaa karanga.

Ndipo aliponiita. Alitaka mtu wa damu yake awepo, asije akarudi nyuma tena. Nilifika, bibi wakakusanyika kivulini mwa kanisa, na dada yangu akapiga magoti.

"Jina langu ni Lamisi," alisema. "Sikuota. Nilidanganya."

Mma Lariba alitazama wenzake kwanza.

"Tunajua kuwa ni Lamisi," alisema. "Samata alikutambua kwa sauti siku ya kwanza. Alitukataza tusikwambie. Alisema, mwacheni, atasema mwenyewe. Alikungoja, mwanangu. Alikungoja mpaka akachoka."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na sitaki kusikia tena. Tangu siku hiyo hakuna bibi aliyeota. Lamisi alihamia kibanda cha Mma Samata na kunituma nikawaambie nyumbani kwamba harudi. Nami nikaondoka na moyo mweupe, nikijua yamekwisha.

Asubuhi niliyoamkia nyumbani, binti yangu Asibi alikataa uji. Hajawahi kukanyaga misheni, wala sikuwa nimemsimulia mtu lolote. Akasema ameshiba maji.

"Kuna mtu kanijia ndotoni, baba. Alikuwa ni..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Nilimziba kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Uani mama yangu, anayeishi nasi tangu azeeke, aliacha kupepeta mtama, akatega sikio.

Nilipouondoa mkono, kiganja kilikuwa kimelowa chapachapa, na juu yake umenata unywele mmoja mrefu, mweupe.

Sijamuuliza Asibi alimwona nani. Lakini mama yangu ana mvi. Kila anapofungua kitambaa kujichana najikuta nimesimama mlangoni, namtazama nywele, na yeye ananitazama.