Bima Ilipohama Mtaa wa Chini

Enyi watu wa Bunia, na ninyi jamaa wa Irumu na Nizi mliojenga mahali maji yanapopenda kupita, nipeni masikio kidogo. Ninayotaka kuyasema hayakutokea mbali. Ni habari ya nyumba moja, nyumba ya mama Kahindo na mume wake Lambert, lakini asijidanganye mtu kwamba haimhusu.

Kahindo na Lambert walitoka Butembo na watoto wao, Solange akiwa wa kwanza, wakajenga katika mtaa wa chini, karibu na kijito cha Nyamukau. Zilikuwa nyakati zile mji ulipotulia bila kutulia. Watu walilala usingizi, lakini mabegi yalikaa chini ya kitanda yakiwa yamefungwa. Kahindo alikuwa amekimbia vita mara nyingi mno, na nyumba ile ya matofali ya kuchoma ilikuwa ya kwanza maishani mwake aliyoiita yangu. Aliipenda hata akawa anaipangusa kuta kwa kitambaa, jambo lililowachekesha wanawake wa mtaa.

Ng'ambo ya mfereji wa maji ya mvua uliopita kando ya nyumba hiyo walikaa Débora na mume wake Ézéchiel, wenyeji wa Ituri tangu mababu, watu wa ng'ombe. Débora alikuwa mshonaji. Asubuhi alivuka ubao uliolazwa juu ya mfereji akiwa na jagi la maziwa mkononi.

"Dada Kahindo, amuka! Maziwa iko inapoa na weye ungali unaota Butembo!"

"Ingia, dada. Chukua na haragwe, nimepika mingi."

Dada huku, dada kule. Ninyi mnaojua yaliyopita katika nchi hii mnajua kwamba neno hilo, kati ya wanawake wawili kama hao, mgeni na mwenyeji katika nchi ya vita, halikuwa dogo.

Kila Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Ézéchiel alipuliza filimbi, na mtaa mzima ukashuka mferejini na majembe, wakubwa kwa wadogo, wakitoa tope na takataka ili maji yapate njia ya kwenda kijitoni. Na upepo ukibeba paa la mtu, kila nyumba ilileta kitu: huyu bati, yule misumari, yule mikono yake tu. Hawakuwa na jina kubwa la kuuita utaratibu huo. Walijua tu kwamba hakuna aliyelala nje.

Ndipo akaja Xavier, wakala wa kampuni ya bima, asiranse kama tuitavyo sisi, kijana mwenye adabu na shati jeupe lisilojua tope. Alieleza kwamba ukilipa kidogo kila mwezi, nyumba yako ikiangushwa na mvua au ikiungua moto, kampuni itaijenga. Hakudanganya, msimwonee. Lambert, aliyekuwa na duka la viatu sokoni na aliyependa mambo ya kisasa, alijiunga wa kwanza, kisha akapita mlango kwa mlango kuwashawishi wengine. Kampuni ikamfanya mwakilishi wa mtaa. Kila nyumba iliyojiunga ilipigiliwa kibao cha buluu mlangoni, na Lambert mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo.

Jumamosi iliyofuata filimbi ililia. Lambert akajigeuza kitandani.

"Hauende?" Kahindo akamwuliza.

"Kwenda fanya nini? Tumelipa na franka, sasa tulipe na mugongo tena? Asiranse iko juu ya nini?"

Kahindo akacheka. Naye alikuwa amechoka, na maneno ya mumewe yalikuwa na utamu wake. Majirani walipoona mwakilishi amelala, nao wakalala. Ézéchiel alipuliza filimbi Jumamosi kadhaa, akachimba peke yake mpaka kiuno kikamsema, mwishowe akaacha. Mfereji ukaanza kujaa chupa, majani ya migomba na mchanga.

Mvua ya kwanza iliangusha majiko kadhaa. Kampuni ikalipa, tena ikalipa vizuri. Jiko la Débora lilisimamishwa upya likiwa na mabati yanayong'aa, na Débora akashona vitambaa vya kumshukuru Xavier. Kuanzia siku hiyo aliamini kile kibao kuliko kufuli. Mvua iliyofuata ikaangusha zaidi. Kampuni ikalipa tena, lakini mwezi uliofuata ada ikapanda, na baadaye ikapanda tena. Watu walinung'unika, wakapunguza nyama, wakapunguza sabuni, wakalipa. Hakuna aliyewaza kupunguza tope.

Siku moja Xavier alileta mkubwa wake. Yule bwana alisimama kwenye ukingo wa mfereji, akatazama chupa zilivyopangana kama ziko sokoni, akauliza, "Nani anasafisha hapa?" Lambert akasema hali ya hewa imeharibika siku hizi. Mkubwa akaitika kwa kichwa, akapanda gari.

Haukupita muda, Xavier akaja peke yake dukani kwa Lambert. Hakukaa.

"Papa Lambert, naona haya kukuambia. Kampuni inatoka mu mtaa wa chini. Wale wa kule juu, kando ya barabara kubwa, watabaki. Ninyi, hapana. Kuanzia sasa hamuko tena. Tafadhali, utawaambia wengine."

Lambert alirudi nyumbani uso umemshuka. Alimweleza mkewe mlango ukiwa umefungwa.

"Twende tuwaambie sasa hivi," Kahindo akasema.

"Ngoja kwanza. Nitaona wakubwa ku biro. Watabadilisha."

"Na kama hawabadilishe?"

"Mama Solange, mimi ndiye nilipigilia ile vibao. Unataka wanicheke mu mtaa muzima? Nipe siku kidogo tu."

Niseme ukweli, sina moyo wa kumlaani Lambert. Hakuchukua hata franka moja ya mtu. Waliokuja kulipa aliwaambia warudi baadaye. Alikwenda kweli ofisini, akaambiwa asubiri, akarudi, akaambiwa tena asubiri. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni mzigo mbaya kuubeba. Lakini mbingu hazikuwa zinamsubiri yeye.

Kahindo naye alinyamaza. Asubuhi Débora alipovuka na maziwa, alipokea jagi akamuuliza habari za ng'ombe. Alimwona jirani yake akiweka mashine yake ya kushona chini, karibu na ukuta wa upande wa mfereji, na nguo za arusi za watu zikiwa zimekunjwa juu yake. Akamwambia tu, "Dada, ukuta ule iko na unyevu." Débora akacheka: "Ukianguka, watanijengea nyumba ya matofali ya kuchoma kama ya kwako!" Kahindo akaingia ndani, akapangusa kuta zake, na moyo wake haukupata raha.

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mvua ikanyesha kama haijawahi kunyesha. Maji ya mlimani yalishuka, yakafika mferejini, yakakuta njia imezibwa. Yakatafuta njia nyingine. Kwa Kahindo yaligonga msingi wa saruji yakaingia sebuleni mpaka magotini. Kwa Débora yalikuta matofali mabichi, na tofali bichi likilowa hurudi kuwa udongo.

Kahindo alitazama ng'ambo akaona ukuta wa jirani yake umetoa tumbo. Hakufikiri. Alishika ubao wa daraja uliokuwa unaelea, akavuka maji yakimfika kiunoni.

Débora alikuwa amesimama uani chini ya mti wa parachichi pamoja na watoto, kitenge kichwani, mikono amekunja. Alikuwa ametulia kabisa. Ndiyo, wapendwa, alikuwa anatabasamu.

"Dada, toa mashini!" Kahindo akapiga kelele. "Toa nguo za watu!"

"Wacha iende! Si iko na kibao? Wataniletea mupya. Njoo simama huku, utashikwa na baridi."

"Hakuna kibao! Hakuna asiranse!"

"Unasema?"

"Walisha kwenda, Débora! Walituacha siye wote wa chini. Wajua sasa, toa vitu!"

Tabasamu halikuondoka mara moja usoni mwa Débora. Lilichelewa, kwa sababu alikuwa hajaelewa. Kisha akaelewa. Alikimbia kuelekea mlangoni, na Ézéchiel, aliyekuwa anatoka nyuma na ndama begani, akamwona, akamwachilia ndama, akamkamata mkewe kwenye nguo na kumvuta. Ukuta ulianguka mbele ya miguu yao. Paa likafuata. Mashine, nguo za arusi, kitanda, vyote vikalala chini ya udongo, na udongo ukaanza kwenda na maji.

Hakufa mtu. Mungu ashukuriwe kwa hilo, na ninalisema kwa moyo wangu wote.

"Tangu lini?" Débora akauliza, amekaa kwenye tope.

Kahindo alitaka kusema leo. Akashindwa.

"Tangu mwezi uliopita."

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

Lambert alifika akikimbia kutoka dukani, viatu mkononi. Alipoona rundo la udongo palipokuwa nyumba, alipiga magoti papo hapo, akaanza kueleza: ofisi, wakubwa, alikuwa anajaribu. Watu walikuwa wamekusanyika, wengine wakitazama vibao vya milango yao kwa mara ya kwanza kama kitu cha bure. Walimngoja Ézéchiel ampige. Ézéchiel hakumpiga. Alisema polepole, sauti yake ikiwa imekauka:

"Lambert, ungeniambia, ningechimba. Hata peke yangu, ningechimba."

Hakuna fimbo iliyowahi kumwumiza Lambert kama maneno hayo. Kesho yake, bila filimbi wala kuitwa, alishuka mferejini, na mtaa ukashuka nyuma yake. Wakatoa uchafu wa miezi yote mpaka maji yakapita yakiimba. Kila nyumba ikaleta kitu, huyu bati, yule misumari, na kabla ya kiangazi nyumba ya Débora ilisimama tena, safari hii juu ya msingi wa mawe. Lambert aliuza pikipiki yake akanunua mashine ya kushona.

Miezi yote hiyo familia ya Ézéchiel ililala nyumbani kwa Kahindo. Walikula sahani moja, na watoto wao wakawa kitu kimoja. Siku ya kuhama, Kahindo alibeba mashine mpya mwenyewe, akavuka daraja nayo kichwani, akaiweka chini ya dirisha. Alisubiri. Débora aliigusa, akazungusha gurudumu lake, akaona ni nzuri. Akamtazama Kahindo bila hasira yoyote.

"Aksanti, madame," akasema.

Kahindo alirudi kwake, akafunga mlango, akalia.

FUNZO

Jamaa zangu, sikusimulia haya ili mchukie bima. Mwenye uwezo na ajiunge, ni akiba njema. Lakini kampuni ni mfanyabiashara: huja ikiona faida, na hatari ikizidi, hupandisha bei, kisha hufunga mzigo wake na kwenda. Jirani hana pa kwenda. Kwa hiyo tusiache majembe yetu kwa sababu tumelipa ada, wala tusivunje umoja uliotujengea mapaa kabla kampuni haijajua barabara ya Bunia. Na wewe uliyepata habari mbaya inayowahusu wenzako, waambie leo, hata ukiwa na aibu kama ya Lambert. Watakucheka siku mbili tatu, yataisha. Ukinyamaza, nyumba inaweza kujengwa upya, mabati yakanunuliwa, mashine ikaletwa. Lakini Kahindo mpaka leo anasubiri asubuhi moja aitwe dada.