Ndoo ya Kwanza ya Tulia

Kila siku akitoka shule, Kwandu alivua sare, akala viazi vilivyobaki asubuhi, kisha akamfungua Tulia. Tulia alikuwa punda jike wa rangi ya majivu, na bila yeye familia ya Mzee Kazimili pale Nyamahanga, Biharamulo, ingekunywa umande. Alibeba madumu manne ya maji kutoka kisimani, mawili kila upande. Kazi ya Kwandu ilikuwa kuteka, kujaza madumu na kumnywesha Tulia kabla ya kurudi.

Kwandu alimjua punda wake vizuri. Mchana wa jua kali, Tulia alisinzia wima kwenye kivuli cha zizi, mguu mmoja wa nyuma ameukunja, mdomo wa chini umelegea kama wa babu anayesinzia kanisani. Jioni aligaragara jivuni, akajilaza kidogo, akaamka na kujikung'uta. Mambo yalikuwa hivyo tangu Kwandu akiwa darasa la pili.

Kiangazi kile visima vingine vilikauka na foleni ikawa ndefu. Joyceline, rafiki yake wa darasani, alikuja kisimani na kamba ya kuruka. Kwandu alijaza madumu, kisha akaruka kamba hadi jua likataka kuzama. Kumtekea Tulia ndoo yake kulimaanisha kurudi tena kwenye foleni.

"Atakunywa kesho," alijisemea.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa yake pia. Nyumbani alimmwagia Tulia pumba kavu za mahindi, nyingi kuliko kawaida, ili dhamiri isimsute.

"Punda amekunywa?" baba aliuliza kila jioni.

"Ndiyo, Baba."

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Safari hii mateke yalitoka kwa binadamu. Tulia alibeba maji ya nyumba nzima mgongoni, mwenyewe hakuonja hata tone.

Jumamosi asubuhi Tulia hakugusa pumba. Aliparapara ardhi kwa ukwato, akageuza shingo kuutazama ubavu wake, akalala, akaamka, akalala tena. Mzee Kazimili alimpigia simu Bi Genoveva, afisa mifugo wa kata, naye akafika na pikipiki yake.

"Shikamoo, Bi Genoveva," Kwandu aliamkia, macho chini.

"Marahaba, mwanangu." Alisikiliza tumbo la punda kwa kipimo chake, akatikisa kichwa. "Tumbo linamsumbua. Maji alikunywa lini?"

Mzee Kazimili alimtazama binti yake.

"Jana jioni," Kwandu alisema.

"Basi huenda ni gesi tu." Bi Genoveva alimchoma sindano ya kutuliza maumivu. "Mwangalieni anavyopumzika. Mkiona hapumziki kama kawaida yake, nipigieni."

Haukupita muda mrefu, Tulia akajilaza kivulini. Mzee Kazimili alishusha pumzi. Ukoo wake ulihamia Biharamulo kutoka Shinyanga ukiswaga ng'ombe, na kwa mfugaji wa ng'ombe mnyama aliyejilaza ni mnyama aliyeshiba na kutulia.

"Amepona," alisema. "Si unaona amelala?"

Kwandu aliona, lakini aliona na mengine. Tulia hakuwa anacheua, maana punda hacheui. Tena saa ile ilikuwa saa yake ya kusinzia wima. Aliinua kichwa, akautazama ubavu, akaguna, akaamka, akasimama amekaza miguu yote minne, kisha akajilaza upya. Kwandu alihesabu mara tano kabla kivuli hakijafika kwenye mlango wa zizi.

"Baba, huyu hapumziki."

"Amelala chini, unataka apumzikeje?"

"Punda si ng'ombe, Baba. Saa hizi angekuwa amesimama, amekunja mguu."

Baba yake alijisifu kwa majirani kwamba Kwandu hana haja ya kusimamiwa. Akisema kweli, sifa ile itakwisha, na huenda Tulia akakabidhiwa mtu mwingine. Akinyamaza, Tulia atakufa. Machozi yakamtoka.

"Hajanywa maji siku tatu, Baba. Nilikudanganya. Na Bi Genoveva nimemdanganya."

Mzee Kazimili hakugomba. Alitoa simu mfukoni na kumpigia Bi Genoveva.

Bi Genoveva aligeuza pikipiki njiani, akarudi. "Sasa nimeelewa," alisema. "Pumba bila maji zimekauka na kuziba utumbo. Sindano ilipunguza maumivu, haikuzibua kitu."

Alipitisha mpira mwembamba puani mwa Tulia, akamimina maji ya uvuguvugu na mafuta, polepole. Kwandu alishika kichwa cha punda wake, akimnong'oneza sikioni, "Nisamehe, Tulia. Nisamehe."

Jumapili asubuhi Mzee Kazimili alipiga kelele kutoka zizini kana kwamba ameshinda bahati nasibu. "Amekunya! Kwandu, amekunya!" Wote walikimbilia kuangalia kinyesi, na hakuna aliyeziba pua.

Bi Genoveva alipopita mchana, alimkuta Kwandu ameketi zizini, analia na kucheka. Tulia alikuwa amesimama kivulini, mguu mmoja wa nyuma ameukunja, mdomo wa chini umelegea.

"Hapo sasa amepumzika," Kwandu alisema.

Mzee Kazimili alimwekea mkono begani. "Ng'wana wane, mwanangu, nilitaka kukunyang'anya kamba ya punda huyu. Lakini macho yako yaliona nisichokiona mimi, na mwishowe ulisema kweli ingawa ilikuuma. Kamba hii hapa."

"Sikiliza, Kwandu," Bi Genoveva alisema kwa upole. "Mnyama hawezi kuniambia anaumwa nini. Anayemlisha ndiye ulimi wake. Ulimi huo ukisema uongo, hata daktari hutibu ugonjwa usiokuwepo. Kweli iliyochelewa imemponya Tulia. Ingewahi, asingeteseka."

Jumatatu foleni ya kisimani ilikuwa ndefu kama kawaida. Zamu yake ilipofika, Kwandu aliyaacha madumu pembeni, akateka ndoo moja na kuiweka mbele ya Tulia.

"Kwandu, punda kwanza?" Joyceline alishangaa, kamba mkononi.

"Punda kwanza," alijibu Kwandu, akaishikilia ndoo mpaka ikabaki tupu.