Kiganja Begani kwa Wenseslaus

Jua lilikuwa linazama Mektrida alipomaliza kuuza ndizi zake sokoni Moshi. Siku nyingine angekimbilia lori la kurudi Kilema. Jioni hiyo aliliacha liondoke. Alimshika mumewe mkono, wakaelekea mtaa wa Njoro, kwa Bibi Sikudhani mchora chale.

Wenseslaus alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Tangu arudi kutoka vita vya Burma, bega lake la kulia lilimuuma mpaka akashindwa hata kukata mkungu wa ndizi. Daktari alilipapasa, akasema halina kitu. Padri alimwombea. Maumivu yalibaki palepale.

Chumba cha Bibi Sikudhani kilinuka ubani na moshi wa koroboi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua shati, mwanangu."

Alifunga sindano tatu pamoja kwa uzi, akazichovya kwenye masizi yaliyokorogwa na maji ya majani mabichi.

"Mimi siondoi maumivu," alisema. "Nayapa sura. Ukishayajua utaweza kuishi nayo. Haya, yanafanana na nini?"

Wenseslaus akanong'ona, "Kiganja. Kama mtu amenishika kwa nyuma..."

"Nani?"

"Efraimu. Mwenzangu wa Machame. Alivunjika miguu yote miwili, nikambeba mgongoni kuvuka mto. Tulipofika ng'ambo alikuwa ameshakufa. Ilibidi wenzangu wambandue vidole begani kwangu."

Mwaka mzima Mektrida alikuwa hajaambiwa hayo.

Tk. Tk. Tk. Sindano zikaanza kuchora kiganja kwenye bega la kulia.

Damu ikachanganyika na masizi. Kidole kimoja... cha pili... Mwanzoni Wenseslaus alisaga meno. Halafu uso wake ukalegea, machozi yakamtiririka taratibu.

"Yanauma?" mkewe aliuliza.

"Yanauma. Lakini sasa ni yeye tu."

Wakarudi nyumbani, na majuma yaliyofuata yakawa ya amani. Wenseslaus alichuma kahawa na kucheka na mwanawe Kornel. Mektrida akamshukuru Mungu.

Mpaka jioni moja, alipokuwa akimsugua mgongo kwa maji ya moto.

Bega la kushoto lilikuwa na kiganja.

Vidole vitano vyeusi, gumba likielekea shingoni. Alisugua. Hakikufutika. Ngozi ya hapo ilikuwa baridi... baridi kama ya samaki.

"Baba Kornel, ulirudi Njoro?"

"Nirudi kufanya nini?"

Kesho yake alimburuta hadi kwa Bibi Sikudhani. Bibi akasogeza taa karibu na mgongo ule. Kisha akaiweka chini.

"Mimi nilichora kimoja."

Akamvuta Mektrida pembeni. "Huwa anazungumza naye?"

Mektrida akakumbuka minong'ono aliyoisikia kati ya migomba. Alidhani mumewe anasali.

"Ndiyo, bibi."

"Basi hayo si maumivu tena. Naweza kuvichoma vyote viwili vifutike, ila atarudi kuumwa kama zamani. Labda zaidi."

Wenseslaus alikuwa ameshavaa shati.

"Hakuna wa kumgusa," alisema kwa upole. "Miguu yake haijapona."

Lori likawashusha barabarani jioni, wakaanza kupanda kwa miguu. Walipofika kwenye kijito kilicho chini ya Kilema, Mektrida alitangulia kuvuka. Maji yalikuwa machache, yakamlowesha vifundo tu. Akageuka kumngoja mumewe.

Wenseslaus alisimama ukingoni. Ameinama kidogo, mikono ameipeleka nyuma, kama mama anayemweka mtoto vizuri mgongoni.

"Baba Kornel?"

Hakumjibu. Aligeuza uso kuelekea bega lake la kushoto.

"Shika vizuri," akanong'ona.

Akaingia majini. Pale pale alipopita Mektrida, miguu ya mumewe ilizama kwenye tope mpaka magotini.